Hospitali gani inatunza vizuri? Hesabu inaweza kujibu, lakini si hesabu yoyote

"Nipeleke mutoto wapi?" Ulizo hilo tuliulizwa juma lililopita na mama mumoja wa kartie, mutoto mugongoni, homa inawaka sawa moto. Jirani wa kuume alikuwa amemwambia: "Usiende kule pa hospitali kubwa, kule watu wanakufa sana." Jirani wa kushoto akasema: "Wee, enda paka kule! Kituo kidogo hakina hata dawa." Baba wa mutoto alikuwa chini shimoni, telefone haishiki. Tulimwambia mama aende mbio mahali pa karibu, maana homa ya mutoto haingojee mabishano ya wakubwa. Mutoto alipona, tunashukuru. Lakini ulizo la mama yake lilibaki na sisi. Namna gani mutu anaweza kujua, kwa kweli, kama hospitali fulani inatunza vizuri ao vibaya?

Ndugu wasomaji, sisi watu wa mugodi tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa ulizo hili. Muchimbaji akifikisha mifuko yake pa depo, munuzi anachota udongo kidogo, anauweka mbele ya ile mashine ndogo, Metorex, na mashine inatoa nambari: shaba ni ngapi kwa mia. Juu ya nambari moja ile, chakula cha nyumba cha juma nzima kinaamuliwa. Na kila muchimbaji anajua maulizo ya kuuliza. Umechota wapi, juu ya mufuko ao chini? Umechota mara ngapi? Nani anashika mashine? Hakuna mutu kati yetu anakubali nambari paka kwa sababu ni nambari. Na hakuna mutu anasema mashine zote zitupwe, maana bila kipimo munuzi atalipa anavyotaka.

Basi maulizo yale yale ya depo, watu wa hesabu wamejifunza kuyauliza juu ya hospitali, masomo na kazi zingine za Leta. Kazi yao inaitwa statistiki. Leo tunataka kuonyesha gisi inavyofanyika, kwa mifano ya kweli: wapi iliokoa watoto, wapi ilikosea, na wapi ilifanywa huku kwetu Haut-Katanga.

Hospitali mbili na wafu wao

Tuanze na mufano wa kubuni, paka kwa kujifunza. Tuseme kuna hospitali mbili katika muji mumoja. Kila moja ilipokea wagonjwa 1.000 kwa mwaka. Katika hospitali ya kwanza walikufa 82. Katika ya pili walikufa 46. Ukiuliza mutu yeyote pa soko, atajibu bila kufikiri: ya pili njo nzuri, ya kwanza ni kaburi.

Sasa tufungue kitabu cha wagonjwa. Hospitali ya kwanza ni ile kubwa. Wagonjwa wa mbali wanaletwa kule wakati hali imezidi. Kati ya watu wake 1.000, watu 800 waliingia wakiwa hatarini sana, na 80 kati yao walikufa. Waliobaki 200 walikuwa na ugonjwa mwepesi, na 2 walikufa. Hospitali ya pili ilipokea 200 tu wa hatari, 30 walikufa. Na 800 wa ugonjwa mwepesi, 16 walikufa.

Hesabu tena polepole, ukitaka chukua kalamu. Kwa wagonjwa wa hatari: ya kwanza inapoteza 10 kwa mia, ya pili inapoteza 15 kwa mia. Kwa wagonjwa wepesi: ya kwanza inapoteza 1 kwa mia, ya pili 2 kwa mia. Kumbe ile tuliyoiita kaburi inatunza vizuri zaidi pande zote mbili! Ilionekana mbaya kwa sababu moja tu: inapokea muzigo muzito. Mutu mwenye kusikiliza jirani wa kuume angepeleka mutoto wake mahututi kule kwenye hatari kubwa zaidi, akiamini anamwokoa.

Ili kukwepa kosa hilo, watu wa hesabu wanatengeneza kitu wanachokiita modele ya statistiki. Hakuna uchawi ndani yake. Wanachukua vitabu vya hospitali zote za inchi. Wanauliza: mutoto mwenye miezi hii, uzito huu, ugonjwa huu, matunzo haya, katika inchi nzima ni wangapi kwa mia wanakufa? Wanafanya vile kwa kila mugonjwa aliyepita katika hospitali moja, kiisha wanajumlisha. Hapo wanapata hesabu ya wafu ambao ilikuwa ya kutazamiwa kama wagonjwa wale wale wangetunzwa sawa vile inchi nzima inatunza. Mwishoni wanaiweka kando ya hesabu ya wafu wa kweli. Kama ya kweli inapita sana ile ya kutazamiwa, kuna neno la kuuliza.

Watoto wa Bristol

Neno hilo la kuuliza lilikuwa zito katika muji wa Bristol, Uingereza. Hospitali yake ilikuwa moja ya vituo vichache vya inchi ile vilivyopewa ruhusa ya kupasua watoto wadogo wenye ugonjwa wa moyo. Wazazi walikuwa wanaleta watoto wachanga, wengine hawajafikisha mwaka moja, wakiwa na imani kwamba wamefika kwa mafundi.

Mwaka 1988 aliingia pale munganga mupya, Stephen Bolsin. Kazi yake ilikuwa kulalisha wagonjwa usingizi wakati wa kupasuliwa. Mutu wa kazi ile anakaa pa kichwa cha mugonjwa, anaona yote. Bolsin aliona operasyo za watoto zinadumu sana, kupita pale alipotoka. Aliona watoto wanakufa. Mwaka 1990 aliandika barua kwa mukubwa wa hospitali. Kiisha, pamoja na mwenzake, alianza kukusanya hesabu: nani alipasuliwa, kwa ugonjwa gani, aliishi ao alikufa.

Wasomaji wetu wanajua kinachompata kapita mudogo akienda kwa wakubwa kusema "nguzo za shimo hili hazishike". Mambo yalimwendea Bolsin vile vile. Wakubwa hawakumusikiliza. Miaka ilipita, operasyo ziliendelea. Mwezi wa kwanza 1995, mutoto mumoja wa kiume alipangwa kupasuliwa. Usiku wa kuamkia siku ile wanganga walikutana kwa kuzungumza kama inafaa. Bolsin alikataa. Wengine walikubali. Mutoto alipasuliwa, na alikufa. Baada ya kifo kile njo mambo yalitoka nje. Bolsin mwenyewe alihama na jamaa yake kwenda kufanya kazi Australia.

Mwaka 1998 baraza linalosimamia wanganga wa Uingereza liliwaona wanganga wawili wa kupasua pamoja na mukubwa wa hospitali kuwa na kosa kubwa la kazi. Lakini wazazi walitaka zaidi. Walitaka kujua: watoto wetu walikufa kwa sababu ugonjwa ulikuwa mukali, ao kwa sababu ya mahali tuliwapeleka? Serikali iliunda tume, ikiongozwa na Ian Kennedy, mwalimu mukubwa wa sheria. Tume iliita watu wa statistiki, kati yao David Spiegelhalter, kufanya hesabu upya.

Ulizo la kwanza lilikuwa lile la hospitali zetu mbili: labda Bristol ilipokea watoto wenye magonjwa makali zaidi? Watu wa hesabu waliwapanga watoto kwa miaka yao na kwa aina ya operasyo, wakafananisha Bristol na vituo vingine vya Uingereza, kila kundi na kundi lake. Tena hawakutumia kitabu kimoja tu. Walichukua raporo za Leta na pia kitabu ambamo wanganga wenyewe wa moyo walikuwa wakiandika kazi yao, ili kuona kama vinakubaliana. Tofauti haikuondoka. Katika mwezi wa saba 2001 tume ilitoa jibu: kati ya 1991 na 1995, watoto wa chini ya mwaka moja waliokufa baada ya operasyo ya kufungua moyo pale Bristol walikuwa 30 mpaka 35 kupita wale wangalikufa katika kituo cha kawaida cha Uingereza wakati ule.

Watoto 30 mpaka 35. Ni darasa nzima la masomo ya musingi. Na kinachouma zaidi ni hiki: makaratasi yalikuwako. Hesabu zilikuwa zinaandikwa katika hospitali, zilikuwa zinatumwa pa wakubwa, zilikuwa zinalala katika makabati. Hakuna mutu aliyepewa kazi ya kuziangalia na kusema: simameni. Kila ofisi ilifikiri ofisi ingine njo inaangalia.

Toka siku zile Uingereza ilibadilisha mambo. Leo hesabu za kila kituo cha moyo cha watoto zinapimwa kwa modele, na zinaandikwa wazi ili muzazi yeyote azisome. Siku hizi kwa watoto 100 wanaopasuliwa moyo kule, karibu 98 wanakuwa wazima baada ya siku 30. Si hesabu peke yake ilifanya vile. Vyombo na ufundi viliongezeka pia. Lakini mahali ambapo mutu anajua kazi yake inahesabiwa na kuonekana, ni vigumu miaka saba ipite hivi hivi.

Bahati, na somo lililotoka mugodini

Hapa musomaji mwenye akili atatuuliza: na bahati je? Hospitali inaweza kupata mwaka mubaya bila kosa la mutu. Ni kweli, na njo sehemu ngumu ya kazi hii.

Chukua kuta moja la chuma la zamani, kama babu bado analo katika sanduku. Lirushe mara 10. Likianguka uso juu mara 7, hakuna wa kushangaa. Lirushe mara 1.000: likianguka uso juu mara 700, ujue kuta limepindishwa. Uzito ni ule ule, 7 kwa 10, lakini imani yetu si ile ile. Ndiyo maana kituo kidogo chenye wagonjwa wachache hakiwezi kuhukumiwa kwa mwezi moja. Wafu wawili katika mwezi moja wanaweza kuwa msiba tu. Watu wa hesabu wanachora mipaka miwili, juu na chini, mapana kwa kituo kidogo, membamba kwa kituo kikubwa. Hospitali iliyo ndani ya mipaka haiitwe mbaya, hata kama iko ya mwisho kwenye orodha. Iliyotoka inje, hiyo inaulizwa.

Sasa tuwaambie jambo ambalo linatufurahisha. Sehemu ya akili hii haikuanzia hospitali. Ilizaliwa katika migodi ya Afrika. Pale Witwatersrand, Afrika ya Kusini, kulikuwa injinia mumoja wa migodi ya zahabu, jina lake Danie Krige. Yeye aliona kitu ambacho wachimbaji wa zamani walikijua kwa machozi. Unachukua mawe machache ya kupima katika sehemu moja ya mugodi. Yanaonyesha zahabu nyingi sana. Kampani inafurahi, inachimba sehemu ile yote, na zahabu inayotoka ni chini ya ile iliyotazamiwa. Na sehemu iliyoonekana maskini, mara nyingi inatoa kupita ilivyoonekana. Kwa nini? Kwa sababu kipimo kikubwa sana kiko na bahati nzuri ndani yake, na kipimo kidogo sana kiko na bahati mbaya ndani yake. Mawe machache hayawezi kusema peke yake.

Mwaka 1951 Krige aliandika namna ya kusahihisha kosa hilo kwa statistiki: usiamini mawe machache ya sehemu moja tu, uyaunganishe na unachokijua juu ya mugodi wote. Baadaye Mufaransa Georges Matheron, injinia wa migodi naye, aliijenga elimu hiyo na kuiita kwa jina la Krige: krigeage. Leo kampani kubwa za migodi ulimwenguni zinaitumia kabla ya kuchimba.

Akili ile ile iko katika kupima hospitali. Kituo kinachoonekana cha mwisho mwaka huu, sehemu ya ubaya wake ni bahati mbaya, na mwaka ujao kitasogea karibu na wengine hata kama hakuna kitu kilibadilika. Kituo cha kwanza vile vile kitashuka kidogo. Mukubwa asiyejua hili atafukuza muuguzi mukubwa wa kituo cha mwisho, ataleta mwingine, mwaka ujao ataona hesabu imepona, naye atajipigia makofi: "Muliona? Nilifukuza, mambo yakanyooka!" Kumbe hata asingefukuza mutu, hesabu ingepanda. Ni watu wangapi wamepoteza kazi zao kwa hesabu kama ile, katika migodi na inje ya migodi?

Leeds: hesabu isiyokamilika

Tuseme basi Uingereza ilijifunza kila kitu toka Bristol? Hapana. Mwishoni mwa mwezi wa tatu 2013, hospitali ya muji wa Leeds, kaskazini ya inchi ile, ilisimamisha operasyo zote za moyo za watoto. Hesabu za kwanza zilikuwa zimeonyesha kwamba watoto wanaokufa pale ni wengi kupita mipaka. Wakubwa walikumbuka Bristol, waliogopa, walifunga mulango. Jamaa ambazo watoto wao walikuwa wanangoja zamu zililazimishwa kwenda miji mingine.

Kiisha watu wa hesabu walirudia karatasi. Waliona kwamba habari zilizotumwa toka Leeds hazikuwa kamili. Kumbuka gisi modele inavyofanya kazi: inataka kujua kila mutoto alikuwa na hali gani. Kama karatasi haisemi, modele haiwezi kujua kwamba mutoto huyu alikuwa mudogo sana ao mugonjwa sana. Inamuhesabu kama mwepesi. Na mutoto mahututi akihesabiwa kama mwepesi, kifo chake kinaonekana kosa la hospitali. Habari zilipotengenezwa, Leeds haikuwa tena inje ya mipaka. Mwezi wa nne, kabla ya juma mbili kuisha, operasyo zilianza tena.

Ni mambo ya depo yale yale: udongo ulichotwa vibaya, mashine haina kosa, nambari inadanganya. Pale Bristol hesabu ilisema kweli na haikusikilizwa. Pale Leeds ilisikilizwa mbio kabla ya kuulizwa kama imejaa. Musomaji atachagua mwenyewe kosa gani ni kubwa. Sisi, kama tungelazimishwa, tungechagua kufunga mulango kwa siku chache kuliko kuzika watoto kwa miaka. Lakini muganda ule wa wazazi wa Leeds, wenye kuzunguka na mutoto mugonjwa toka muji mupaka muji, nao walilipa.

Na huku kwetu Haut-Katanga

Mutu atasema: hayo ni mambo ya Wazungu, huku kwetu hata dawa hakuna, nani atahesabu? Asikize basi.

Kati ya 2010 na 2012, hapa Haut-Katanga, kulifanyika jaribio ambalo watu wa elimu wanalisoma mupaka leo. Ulizo lilikuwa hili: muuguzi akilipwa kwa hesabu ya kazi anayofanya, kama vile muchimbaji analipwa kwa kilo, atatunza watu wengi zaidi? Maeneo 96 ya afya yaligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi la kwanza lilipewa feza kulingana na hesabu ya wagonjwa waliotunzwa. Kundi la pili lilipewa feza isiyobadilika, wafanye kazi sana ao kidogo. Feza ya makundi yote mawili kwa ujumla ilikuwa sawa, ili tofauti isitoke kwa wingi wa feza, itoke paka kwa namna ya kulipa.

Kwa nini kura? Kwa sababu kura haina ndugu. Kama wakubwa wangechagua wenyewe, vituo vizuri vingewekwa upande moja, na tungerudia kosa la hospitali zetu mbili. Kura inachanganya vituo vizuri na vibaya, vya muji na vya pori, pande zote mbili. Hapo kufananisha kunakuwa haki toka mwanzo.

Wachunguzi wawili, Elise Huillery na Juliette Seban, waliandika matokeo. Wauguzi waliolipwa kwa hesabu waliongeza bidii kweli kweli: walijitahidi kuvuta wagonjwa, na walipunguza bei. Lakini wagonjwa hawakuongezeka kupita upande mwingine. Bei ilishuka, watu hawakuja zaidi, na mapato ya vituo yaliteremuka.

Sisi hatushangai sana. Muchimbaji analipwa kwa kilo, na akiongeza nguvu kilo zinaongezeka, maana jiwe halina miguu, linangoja. Mugonjwa si jiwe. Yeye anaamua mwenyewe kama atakuja. Anahesabu njia, anahesabu siku ya kazi anayopoteza, anakumbuka gisi alivyopokelewa mara ya mwisho, kama alisalimiwa ao alipigiwa kelele. Kama jaribio lingeangalia paka bidii ya wauguzi, wakubwa wangesema mupango umefaulu. Kwa sababu kulikuwa kundi la pili la kufananisha, kweli ilionekana.

Mambo hayo hayakuisha na jaribio lile. Kila mwezi kituo cha afya kinapashwa kujaza raporo na kuituma pa zone ya afya, na toka pale hesabu zinapanda mupaka Kinshasa. Inchi yetu iko na zone za afya 519. Juu ya raporo zile njo wanaamua chanjo ngapi, vyandarua vingapi, dawa ngapi. Hesabu zinazotoka kartie yako zinarudi kwako kama dawa, ao zinarudi kama kabati tupu. Kama mama amezaa nyumbani na mutoto amekufa bila kuandikwa, katika hesabu za Leta mutoto yule hakuzaliwa, wala hakufa. Ni sawa na watoto wa Bristol kama Bolsin hangalichukua kalamu.

Ulizo la mama

Turudi basi kwa mama wa mwanzo. Hatuna orodha ya kumupa yenye kusema hospitali hii ya kwanza, ile ya pili. Na hata tungekuwa nayo, sasa munajua maulizo ya kuiuliza. Wagonjwa wao wanafanana? Ni wangapi, ao ni watatu tu? Ni ya mwaka moja ao ya miaka mitano? Kitabu kilijazwa chote, ao nusu? Nani alichota, na nani anashika mashine?

Lakini kuna kazi ambayo iko mikononi mwetu. Kila eneo la afya linapashwa kuwa na kamati yake, CODESA, na ndani yake wako watu wa kartie, si wanganga peke yao. Wengi wetu hatuwajue hata kwa majina. Tuwajue. Tuwaulize: mwezi uliopita kituo chetu kiliandika wazazi wangapi, watoto wangapi, wafu wangapi? Mwezi ule mwingine je? Mutu wa kuhakikisha akibisha hodi nyumbani na kuuliza kama kweli ulitunzwa siku fulani, usiseme "ndiyo" kwa kumufurahisha muuguzi, wala "hapana" kwa kumukomoa. Umwambie vile ilikuwa. Na msiba ukifika nyumbani, hata wa mutoto wa siku moja, uandikishwe.

Mama yule tulimukuta tena juzi pa bomba la maji. Mutoto anakimbia, anacheza na matope. Tulimuuliza kama kituo kiliandika jina la mutoto katika kitabu. Alifikiri kidogo, kiisha akasema: "Sijaangalia. Nilikuwa naangalia mutoto."

Alikuwa na haki. Ile ya kuangalia kitabu ni kazi yetu sisi wengine.